Adabu za Kuzuru Magofu ya Mataifa Yaliyopita: Somo kutoka Mji wa Jerash



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, miongoni mwetu wapo wanaopata nafasi ya kusoma Jordan na nchi nyingine za Kiarabu. Wapo wanaokwenda umra na baadaye kualikwa kutembelea al-Ula. Wapo pia wanafunzi wa historia ambao masomo yao yenyewe yanawapeleka kwenye magofu. Swali wanalouliza halijapoa: je, Muislamu anaruhusiwa kuingia katika mji wa kale wenye mahekalu ya masanamu, akatembea humo na kutazama?

Majibu yanayosikika katika halaka zetu huwa mawili. Wa kwanza anasema ni haramu moja kwa moja, kwa sababu hizo ni nyumba za makafiri na Mtume (S.A.W) amekataza kuziingia. Wa pili anasema hayo ni mambo ya utalii tu, dini haina la kusema hapo. Somo hili linajaribu kuonyesha kwamba wote wawili wameruka hatua. Tutaanza na dalili, kisha tutaingia katika mji mmoja halisi, Jerash wa kaskazini mwa Jordan, halafu tutatoa adabu za kufuata.

DALILI ZA PANDE MBILI

Upande wa kwanza ni amri ya kutembea. Katika Qur'ani Tukufu, Allah (S.W) amerudia mara nyingi wito wa kusafiri katika ardhi ili kuangalia mwisho wa waliotangulia. Utaukuta katika Aal Imran aya ya 137, An-An'aam aya ya 11, An-Naml aya ya 69, Ar-Rum aya ya 9 na kwingineko. Katika Ar-Rum tunaelezwa kuwa waliotangulia walikuwa na nguvu zaidi, waliilima ardhi na kuijenga kuliko hao walioambiwa watembee. Katika Al-Hajj aya ya 45 na 46 vinatajwa visima vilivyoachwa na makasri marefu, kisha tunafahamishwa kuwa upofu wenye hatari ni ule wa nyoyo zilizomo vifuani. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kufika, akaona kila jiwe, na bado asione kitu.

Upande wa pili ni hadithi ya Ibn Umar (R.A) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mwaka wa 9 Hijiria, Mtume (S.A.W) alipokuwa njiani kwenda Tabuk alipita al-Hijr, makazi ya Thamud, watu wa Nabii Salih (A.S). Aliwakataza maswahaba wasiingie katika makazi ya wale waliodhulumu nafsi zao ila wakiwa wanalia, wasije wakapatwa na yaliyowapata wale. Kisha akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Katika mapokezi mengine, waliokwisha kuteka maji ya visima vya pale na kukandia unga waliamrishwa kuyamwaga maji hayo na kuwapa ngamia ule unga, na wateke katika kisima alichokuwa akinywea ngamia wa Nabii Salih.

Dalili hizi hazigongani. Ukiitazama vizuri hadithi, utaona kwamba katazo limekuja na sharti: msiingie ila mkiwa mnalia. Kilichokatazwa ni kuingia kwa ghafla, kwa mzaha na kwa moyo mkavu. Imam an-Nawawi, Allah amrehemu, katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza kuwa hadithi hii inahimiza mtu awe na hadhari na kumchunga Mola wake anapopita katika nyumba za madhalimu na mahali palipoteremka adhabu. Akapafananisha na bonde la Muhassir, kati ya Muzdalifa na Mina, ambapo mahujaji huharakisha mwendo kwa kuwa ndipo walipoangamizwa watu wa tembo.

Tunapata kanuni ya kwanza: hadithi hii inahusu mahali ambapo nassi imethibitisha kuwa adhabu iliteremka. Al-Hijr ni mahali pa namna hiyo. Wanaakiolojia watakuambia kuwa makaburi makubwa yaliyochongwa majabalini pale ni ya Wanabati wa karibu karne ya kwanza Miladia, na maandishi yaliyo juu ya milango kadhaa yanataja wenye makaburi na miaka yao. Hilo lisikutie shaka. Mahali pamoja panaweza kukaliwa na watu zaidi ya taifa moja kwa zama tofauti, na agizo la Mtume (S.A.W) lilihusu mahali penyewe. Kwa hiyo anayefika al-Hijr, hata kama umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2008 na una mabasi ya watalii, agizo lile bado linamhusu.

Lakini je, kila gofu ni al-Hijr? Hapa ndipo Jerash inapotusaidia.

MJI WA JERASH

Jerash upo karibu kilomita 48 kaskazini mwa Amman. Zama za Wayunani na Warumi uliitwa Gerasa, mmojawapo wa miji iliyojulikana kwa pamoja kama Dekapoli, yaani Miji Kumi. Mwaka 63 kabla ya Miladia, jemadari Pompey aliiingiza nchi ya Sham chini ya Roma. Mwaka 106 Miladia, mfalme Trajan alipouteka ufalme wa Wanabati, Gerasa ikawa katika jimbo lililoitwa Arabia. Biashara ikashamiri na majengo yakaongezeka.

Ukifika kwa upande wa kusini, jengo la kwanza kukupokea ni tao kubwa lililojengwa kwa heshima ya mfalme Hadrian, aliyeuzuru mji katika majira ya baridi ya mwaka 129 kuamkia 130. Mtu mmoja alipita hapo kwa muda mfupi, wakamjengea lango la mawe ambalo limesimama miaka zaidi ya 1,800. Leo Hadrian hana askari hata mmoja, na wengi wanaopita chini ya tao hilo hawamjui ni nani.

Ukiendelea utafika kwenye uwanja wa yai, uliozungushiwa nguzo pande zote. Juu yake upande wa magharibi ni hekalu la Zeus na ukumbi wa maonyesho wa kusini, ambao viti vyake vya mawe viliweza kuchukua watu zaidi ya 3,000. Kutoka uwanjani unaanza mtaa mkuu, wenye nguzo kulia na kushoto, unaokwenda kaskazini kwa karibu mita 800. Katika mawe ya mtaa huo alama za magurudumu ya magari ya farasi zinaonekana hadi leo. Mbele zaidi kuna chemchemi ya mji iliyopambwa, iliyojengwa mwaka 191, na juu ya kilima hekalu la Artemis, mungu wa kike ambaye watu wa mji huo walimtegemea awalinde. Nguzo zake nyingi bado zimesimama. Aliyetegemewa kuwalinda hakuweza kulilinda hata paa la nyumba yake.

Baada ya masanamu ulikuja Ukristo. Makanisa zaidi ya kumi yamefukuliwa ndani ya mji huo, mengine yakiwa yamejengwa kwa mawe yaliyotolewa katika mahekalu. Kisha, karibu mwaka wa 13 au 14 Hijiria, jeshi la Waislamu chini ya swahaba Shurahbil bin Hasana (R.A) likauingia mji.

MSIKITI KATIKATI YA NGUZO

Sasa tafakari. Waislamu walioufungua mji huu walikuwa watu wa kizazi cha maswahaba. Waliukuta una mahekalu yaliyokwisha kuachwa, kumbi za maonyesho, mitaa yenye nguzo na makanisa yenye watu wake. Hawakuukimbia wala hawakuuvunja. Waliishi humo.

Mwaka 2002, wataalamu wa Denmark na Jordan walifukua katikati kabisa ya mji, kwenye njia panda ya mitaa mikuu, msikiti mkubwa wa Ijumaa wa zama za Banu Umayya. Ulijengwa mahali palipokuwa na bafu la umma la zama zilizotangulia. Mitaa yote ya mji imepangwa kwa mistari yake ya Kirumi, lakini msikiti umekaa kwa pembe tofauti kwa sababu unaelekea Makka. Nafasi zilizobaki kati ya ukuta wa msikiti na mtaa zikatumika kwa maduka. Sarafu za shaba zikagongwa kwa jina la Jarash. Katika ukumbi wa maonyesho wa kaskazini wafinyanzi wakaweka matanuri yao. Kwa hiyo mji wa Waislamu ulikaa ndani ya mji wa Warumi: mtaa uleule na nguzo zilezile, ila kibla kingine.

Kitendo hiki kina mfano mwingine mashuhuri. Sa'd bin Abi Waqqas (R.A) alipoiingia Madain, mji mkuu wa Kisra, mwaka wa 16 Hijiria, aliufanya ukumbi wa Kisra kuwa mahali pa kuswalia. At-Tabari amesimulia kuwa Sa'd alisoma hapo aya za Suratud-Dukhan zinazotaja bustani na chemchemi walizoziacha watu wa Firauni, na kwamba sanamu zilizokuwemo ukumbini ziliachwa zilivyo. Hebu tuangalie mambo matatu yaliyokutana katika kisa hicho: aliingia, alizingatia, na aliswali. Hakuna mzaha, na hakuna hofu ya mawe.

Kwa hiyo kanuni ya pili ni hii: kuingia katika mji wa kale ambao hakuna nassi ya adhabu juu yake, kwa asili yake kunaruhusiwa. Kinachobadilisha hukumu ni nia ya anayeingia na anachokifanya humo.

JE, KILA GOFU NI ADHABU?

Hapa ndugu zangu nawaomba tutulie, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunapoona nguzo zilizoanguka ulimi huwa mwepesi: walikufuru, wakaangamizwa. Je, tuna elimu hiyo?

Tarehe 18 Januari mwaka 749, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga nchi ya Sham. Jerash ni mmoja wa miji iliyopata pigo hilo, na baada ya hapo haukurudi katika hali yake. Lakini mwaka 749 ni miaka zaidi ya mia moja baada ya Shurahbil kuingia. Haukuwa tena mji wa Artemis. Ulikuwa mji wenye msikiti wa Ijumaa, adhana, soko la Waislamu, na majirani zao Wakristo. Ardhi iliyotikisa mahekalu yaliyoachwa ndiyo iliyotikisa nyumba za wenye kuswali. Na mwaka uliofuata, 750, dola ya Banu Umayya yenyewe ikaanguka mikononi mwa Banu Abbas. Karne tano baadaye, mwanajiografia Yaqut al-Hamawi alipouandika mji huu katika kitabu chake cha miji, aliutaja kuwa mji mkubwa uliokwisha kuharibika.

Tutasemaje basi juu ya Muislamu aliyekuwa nyumbani kwake Jerash siku ile, ukuta ukamwangukia? Mtume (S.A.W), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemhesabu aliyefia chini ya jengo lililoanguka miongoni mwa mashahidi. Tukio moja linaweza kuwa adhabu kwa huyu, mtihani kwa yule na shahada kwa mwingine, na anayejua nani ni nani ni Allah peke yake. Thamud tunajua habari yao kwa sababu Allah ametuambia. Watu wa Jerash hakutuambia. Kusema juu ya Allah bila ya elimu kumekatazwa katika Suratul-A'raf aya ya 33, na kufuata tusilolijua kumekatazwa katika Suratul-Isra aya ya 36.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kila tetemeko linapopiga, kila mafuriko yanapobeba nyumba za watu, utamsikia mtu kwenye makundi yetu ya simu akitoa hukumu kwamba wale wameadhibiwa kwa dhambi fulani. Aliyefiwa anasoma maneno hayo huku bado hajamzika ndugu yake. Mwenye kujifunza kuyasoma magofu kwa adabu atajifunza pia kuufunga mdomo wake mbele ya msiba wa watu.

Mazingatio yanabaki, ila yanageuza uso. Badala ya kusema "wao waliangamia", mtu anasema "na sisi tutapita". Ndani ya magofu ya Jerash kuna hekalu, kuna kanisa, na kuna msikiti pia. Kilichobaki cha msikiti ule ni misingi na mpangilio wa kuta. Waliosujudu hapo, sijida zao zimehifadhiwa kwa Allah. Jengo halikuhifadhiwa.

VIPI KUHUSU KUBOMOA?

Mwezi Agosti mwaka 2015, kundi lililojiita dola ya Kiislamu lililipua mahekalu ya Bel na Baalshamin katika mji wa kale wa Palmyra, Syria. Mwezi huohuo lilimuua Khaled al-Asaad, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa ameutunza mji huo kwa miongo mingi. Walidai wanafuata Sunna ya kuvunja masanamu.

Jibu liko kwenye historia tuliyoitaja. Sham yote, Palmyra ikiwemo, ilifunguliwa katika zama za maswahaba. Kama kuvunja magofu kungekuwa wajibu, wao wangetutangulia, nao walikuwa na uwezo. Mtume (S.A.W) aliyavunja masanamu ya Makka yaliyokuwa yakiabudiwa, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kumwabudu Allah peke yake. Nguzo ambazo hakuna anayezisujudia si jambo moja na hayo. Isitoshe, mtu akivunja mawe hayo anaiondoa ile ibra ambayo Qur'ani imetuamrisha kwenda kuitazama. Na damu ya mzee yule haina hoja yoyote ya kuihalalisha.

ADABU ZA MWENYE KUZURU

Kutokana na maelezo hayo, tunaweza kukusanya adabu hizi:

1. Nia. Kusudia kuzingatia na kujifunza. Usikusudie kupata baraka ya mahali, kwa kuwa safari ya kutafuta fadhila ya mahali Mtume (S.A.W) ameihusisha na misikiti mitatu: Makka, Madina na al-Aqsa.

2. Jua unapoingia. Kama ni mahali pa adhabu iliyothibiti kwa nassi, kama al-Hijr, shika agizo la Mtume (S.A.W): unyenyekevu, hofu na kutokukaa sana. Ukiona moyo wako hauko tayari, kuacha ni salama zaidi.

3. Swala. Ardhi yote imefanywa kuwa msikiti kwa umma huu, isipokuwa palipokatazwa kama makaburini na bafuni. Wakati ukiingia ukiwa Jerash, tafuta pahali safi uswali, na msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza. Ama mahali palipoteremka adhabu, Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya kuswali hapo, akataja kuwa Ali (R.A) alichukia kuswali katika ardhi ya Babil iliyodidimizwa. Ni bora uvuke kwanza.

4. Masanamu na mahekalu. Kutazama kwa kujifunza si kutukuza. Lakini kuinama mbele ya sanamu kwa ajili ya picha, au kuigiza ibada zao kwa mzaha, kunagusa itikadi. Jiepushe.

5. Amana. Usichukue jiwe, usichonge jina lako, usipande palipozuiliwa. Vitu hivyo ni mali ya umma wa nchi ile, na kuvichukua ni khiyana hata kama ni kipande kidogo cha chungu.

6. Gharama. Safari hii si wajibu. Mwenye deni la ada au wazazi wanaosubiri msaada wake, haki hizo zinatangulia.

7. Ukirudi, rudi na kitu. Soma tena aya za Ar-Rum na Al-Hajj tulizozitaja, ujiulize zimekubadilisha nini.

MAGOFU YA JIRANI

Asiyeweza kufika Jordan asidhani amekosa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina Kilwa Kisiwani, ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaukuta mji wa Waislamu wenye sultani aliyesifika kwa ukarimu. Ulikuwa na msikiti mkuu wa matumbawe na sarafu zake wenyewe. Mwaka 1505 Wareno waliushambulia na kuupora. Leo msikiti ule ni gofu, watu wanautembelea kwa tiketi. Hapo Muislamu wa Afrika Mashariki hawezi kusema "wale walikuwa makafiri". Wale ni babu zetu katika dini. Swali analobaki nalo ni moja tu: wao walijenga na kusujudu, kisha zamu yao ikaisha, je, zamu hii ni yetu, tunaifanyia nini?

MASWALI YA HALAKA

1. Kwa nini hadithi ya al-Hijr isifanywe dalili ya kukataza kuzuru kila mji wa kale?
2. Toa tofauti kati ya masanamu yaliyovunjwa Makka na sanamu zilizoachwa katika ukumbi wa Kisra.
3. Mwenzako ameandika kwenye kundi la jumuiya kwamba waliokufa katika mafuriko wameadhibiwa. Utamjibu nini, na kwa dalili gani?
4. Taja gofu moja lililo karibu na kwenu. Nani aliishi hapo, na unajua nini kwa yakini juu yao?

Tunamuomba Allah (S.W) atupe macho yanayoona na nyoyo zinazozingatia, awarehemu Waislamu waliotutangulia, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wallahu a'lam.